Uboreshaji wa kurasa kwa injini za utafutaji: neno la mwandishi na neno la mtafutaji

Istilahi yenyewe

Katika maandishi mengi ya Kiswahili yanayohusu intaneti hupatikana istilahi “uboreshaji wa injini ya utafutaji”. Istilahi hiyo imetafsiriwa sisisi kutoka Kiingereza, nayo inapotosha. Msomaji akiichukua kama ilivyo, atadhani kwamba kinachoboreshwa ni injini, yaani mtambo wa Google, Bing au mwingine wowote. Sivyo. Injini ni mali ya kampuni iliyoiunda, na mwenye tovuti hana uwezo wa kuigusa. Kinachoboreshwa ni ukurasa, ili injini iweze kuusoma, kuuelewa na kuuweka mahali unapostahili katika orodha ya majibu. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia “uboreshaji wa kurasa kwa injini za utafutaji”, au kwa ufupi “uboreshaji wa kurasa”.

Wengi huiona kazi hii kuwa ya mafundi wa kompyuta. Upo ufundi ndani yake, lakini sehemu kubwa zaidi ni ya lugha. Mtafutaji huandika maneno mawili au matatu katika kisanduku. Ukurasa una maneno mia tano au elfu moja. Kazi ya injini ni kuyalinganisha. Maneno ya pande hizo mbili yasipokutana, ukurasa hautaonekana hata uwe na mambo mazuri kiasi gani. Swali la kwanza la anayeandika ukurasa, basi, ni lile lile la mtunga kamusi: watu hukiita kitu hiki jina gani?

Ili maelezo yasielee hewani, tutashika mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme kikundi cha wakulima wa Ikolo, kata iliyomo katika Wilaya ya Kyela mkoani Mbeya, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kimefungua tovuti ya kuuza mchele na kakao. Kikundi hicho ni cha kubuni. Mazao, majina na matatizo yake ni ya kweli. Kyela imechaguliwa kwa sababu jina lake lina thamani sokoni. Mchele wa Kyela unasifika kwa harufu na ladha, kiasi kwamba wako wafanyabiashara wanaoliandika jina hilo kwenye mchele uliotoka kwingine. Mtandaoni hali haina tofauti. Mtu anapotafuta “mchele wa Kyela”, atakayemjibu ni yule aliyeandika ukurasa unaoeleweka, awe mkulima wa Ikolo au dalali ambaye hajawahi kufika Kyela. Jina lisipoandikwa na wenyewe, litaandikwa na wengine.

Injini hufanya nini

Injini ya utafutaji hufanya kazi tatu. Kwanza, programu zake huzunguka mtandaoni zikifuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa na kusoma kilichomo. Pili, huyaweka yaliyosomwa katika faharasa, kama faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu: kila neno na kurasa lilimotajwa. Tatu, mtu anapouliza, injini huitazama faharasa hiyo, huzichagua kurasa zinazohusika, kisha huzipanga kwa daraja.

Kupanga ndiko kuligumu. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ilijipatia sifa kwa njia iitwayo PageRank. Katika njia hiyo kila kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine huhesabiwa kuwa aina ya ushahidi, na ushahidi wa ukurasa unaotajwa na wengi huwa na uzito kuliko wa ukurasa usiotajwa na yeyote. Siku hizi vigezo ni vingi mno, lakini vyote huzunguka maswali mawili: ukurasa huu unahusu nini, na unaaminika kwa kiasi gani? Swali la kwanza hujibiwa na maneno ya ukurasa wenyewe. La pili hujibiwa zaidi na wengine wanaoutaja.

Mpunga, mchele na wali

Kiingereza kina neno moja kwa zao, nafaka na chakula hiki. Kiswahili kina matatu, na kila moja lina mtafutaji wake. Mpunga ni mmea uliomo shambani, na pia punje ambazo hazijakobolewa. Mchele ni punje zilizokobolewa na hazijapikwa. Wali ni chakula kilichokwisha kuiva. Anayeandika “mbegu ya mpunga” ni mkulima. Huenda anataka habari za SARO 5, mbegu iliyoboreshwa ambayo pia huitwa TXD 306. Anayeandika “bei ya mchele” ni mnunuzi au mfanyabiashara. Anayeandika “jinsi ya kupika wali” yuko jikoni.

Kikundi chetu kikiandika ukurasa mmoja wenye kichwa “Mpunga wetu”, kitakuwa kimewafungulia mlango wakulima wenzake, wakati wanunuzi wa Dar es Salaam wanagonga mlango wa “mchele”. Tiba si kuyarundika maneno yote matatu katika kila sentensi. Tiba ni kutenga kurasa kwa kadiri ya mahitaji: ukurasa wa bei na usafirishaji uhusu mchele, ukurasa wa kilimo uhusu mpunga, na kikundi kikipenda kueleza namna ya kupika mchele huo, ukurasa huo uhusu wali. Ukurasa mmoja, haja moja, neno kuu moja.

Neno la kamusi na neno la sokoni

Zao la pili la kikundi chetu linaleta ugumu wa aina nyingine. Kamusi huliita “kakao”. Katika mazungumzo na hata katika taarifa nyingi za biashara hutajwa “kokoa”. Mwandishi anayependa usanifu atavutwa na umbo la kwanza. Mnunuzi huenda akaandika la pili. Nani afuatwe?

Njia ya busara ni kulitumia umbo sanifu katika maelezo na kulitaja lile lingine waziwazi, mara moja au mbili, mahali panapofaa: “Kakao, ambayo wengi huiita kokoa, huvunwa…”. Sentensi ya namna hiyo inamfaa msomaji kwanza, kwa kuwa inamhakikishia kwamba vitu hivyo ni kimoja, na inaifaa injini pia. Ndivyo kamusi nzuri inavyofanya inapoonyesha visawe chini ya kidahizo: hailitupi neno la watu, bali inaliweka karibu na jingine.

Samaki wa ziwa hili wanatoa mfano ulio wazi zaidi. Samaki aitwaye mbasa upande wa Kyela huitwa mpasa nchini Malawi, na jina lake la kisayansi ni Opsaridium microlepis. Usipa, samaki mdogo wa Ziwa Nyasa, kwa wageni wengi kutoka sehemu nyingine za Tanzania ni “dagaa” tu. Na neno dagaa likitajwa Mwanza, humaanisha samaki mwingine wa Ziwa Viktoria, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda humwita mukene. Anayeuza usipa akaandika “dagaa” peke yake atakuwa ameingia katika soko lililojaa dagaa wa Viktoria. Akiandika “usipa” peke yake, atapatikana na wanaolijua neno hilo tu. Akiandika “usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa”, amewahudumia wote bila kumdanganya yeyote.

Majina ya mahali

Jina la mahali hudhaniwa kuwa jambo lisilo na utata, lakini mara nyingi ndilo linalopoteza watafutaji. Songwe ni mto unaopakana na Malawi. Ni mkoa ulioanzishwa mwaka 2016. Ni wilaya ndani ya mkoa huo. Na ni uwanja wa ndege unaohudumia Jiji la Mbeya. Nyasa ni ziwa, na pia ni wilaya katika Mkoa wa Ruvuma yenye makao yake Mbamba Bay. Mbeya ni jiji na ni mkoa. Ziwa lenyewe lina majina zaidi ya moja: Watanzania huliita Nyasa, Malawi huliita Ziwa Malawi, na Msumbiji huliita Lago Niassa.

Mwenyeji hahitaji kuelezwa lolote kati ya hayo. Akisema “tuko Ikolo”, wasikilizaji wake wamekwisha kuelewa. Ukurasa, hata hivyo, husomwa na mtu asiye mwenyeji na kwa mashine isiyojua njia. Ndiyo maana inafaa anwani iandikwe kwa ukamilifu angalau mara moja katika kila ukurasa muhimu: “Ikolo, Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, Tanzania”. Wanaokusudia kuwapata wageni wa nje wanaotafuta habari za ufuko wa Matema watafanya vema kutaja pia kwamba ziwa hilo nchini Malawi huitwa Ziwa Malawi. Kulitaja jina la jirani si kuliacha la kwako.

Maumbo ya maneno

Injini nyingi zilianza kwa kuihudumia lugha ya Kiingereza. Katika lugha hiyo mabadiliko mengi ya neno hutokea mwishoni. Kanuni zilizotangazwa na Martin Porter mwaka 1980, ambazo zimetumika mno katika programu za utafutaji, hukata viambishi tamati ili maneno yenye asili moja yahesabiwe pamoja. Kisu hicho hakikati Kiswahili vizuri, kwa maana sehemu kubwa ya mabadiliko yetu iko mwanzoni: kinu na vinu, mche na miche, gunia na magunia, ninalima, tulilima, hawajalima, wanaolima. Kisha kuna mkulima na kilimo, na maneno yabadilikayo sana kama jiko na meko.

Mzoefu wa kamusi anajua kwamba “hawajalima” ataitafuta chini ya “lima”. Kuifundisha mashine jambo hilo hilo kumehitaji kazi ya miaka mingi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa mfano, alijulikana kwa kuunda mfumo wa kompyuta wa kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili. Injini za leo zimeendelea, lakini mwandishi asitegemee kwamba kila umbo litatambuliwa. Ni salama zaidi kuchagua kwa makusudi. Anayetaka kununua huwaza wingi, hivyo kichwa cha ukurasa wa mauzo kiwe “Miche ya kakao”. Katika maelezo ya upandaji, umoja utajitokeza wenyewe: “Mche mchanga wa kakao huhitaji kivuli.” Maumbo yote mawili yatakuwemo, na hakuna sentensi iliyolazimishwa.

Wakati mwingine ngeli huondoa utata. Pwani ya Matema inajulikana kwa vyungu vya Wakisi. Neno “chungu” ni chombo cha udongo, lakini pia ni ladha isiyo tamu, na pia ni rundo la vitu. “Vyungu” haliachi shaka kama hiyo. Kichwa “Vyungu vya Wakisi, Matema” ni bora kuliko “Chungu cha asili”.

Mahali pa kuliweka neno

Neno kuu likishachaguliwa, lina mahali pake. La kwanza ni kichwa cha ukurasa, ambacho ndicho kinachoonekana kwa kawaida katika orodha ya majibu. “Karibu kwenye tovuti yetu” ni salamu njema lakini haisemi kitu. “Mchele wa Kyela kutoka Ikolo: bei na usafirishaji” kinamweleza mtafutaji kila anachohitaji ili aamue kufungua. Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Kurasa kumi zenye kichwa kimoja hushindana zenyewe kwa zenyewe.

La pili ni anwani ya ukurasa. Anwani inayoishia na “mchele-wa-kyela” husomeka. Inayoishia na tarakimu na alama haisomeki. Hapa Kiswahili kina bahati, kwani herufi zake zote zinaandikika katika anwani. Kinachosumbua ni ritifaa ya ng’, na desturi ni kuiacha katika anwani pekee: “maziwa-ya-ngombe”. Katika matini yenyewe tahajia sahihi ibaki.

La tatu ni aya ya kwanza. Mwandishi wa Kiswahili hupenda kutanguliza shukrani na utangulizi mrefu. Ukurasa wa mtandaoni useme mapema ni kitu gani, kinatoka wapi na kinapatikanaje. Shukrani zinaweza kufuata.

La nne ni picha. Injini husaidiwa sana na maneno yanayoandamana na picha. Faili liitwe “gunia-la-mchele-wa-kyela”, si namba iliyotolewa na kamera, na maelezo mbadala yaandikwe kwa sentensi ya kawaida: “Gunia la mchele lililofunguliwa ghalani Ikolo.” Maelezo hayo husomwa pia kwa sauti na programu zinazowasaidia wasioona, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuyaandika.

La tano ni maandishi ya viungo. “Bonyeza hapa” hakisemi mtu anapelekwa wapi. “Bei ya mchele kwa gunia” kinasema.

Kuhusu lugha ya ukurasa, msimbo wa kimataifa wa Kiswahili ni “sw”, na huweza kuongezewa nchi: “sw-TZ” kwa Tanzania, “sw-KE” kwa Kenya. Kinyakyusa nacho kina msimbo wake, “nyy”. Misimbo hiyo huzifaa programu zinazosoma kwa sauti, na hufaa pale ambapo ukurasa mmoja una matoleo ya lugha mbalimbali yanayopaswa kuunganishwa. Lakini Google hueleza kwamba huitambua lugha kwa kuyasoma maandishi yanayoonekana, si kwa kuamini msimbo. Ukurasa ambao matini yake ni ya Kiswahili na vitufe vyake vyote ni vya Kiingereza unatoa ishara mbili zinazopingana. Afadhali lugha moja kwa ukurasa mmoja.

Mwisho, uzito. Mwaka 2016 Google ilitangaza mpango wa kuorodhesha kurasa kwa kutazama kwanza toleo lake la simu. Uamuzi huo unawahusu sana wasomaji wetu, ambao wengi huingia mtandaoni kwa simu na kulipia vifurushi. Picha tano kubwa zisizopunguzwa humaliza kifurushi cha mteja kabla hajaiona bei, naye huondoka.

Hila na gharama yake

Tangu injini zilipoanza, wamekuwepo watu wanaotaka kuzihadaa. Wengine hulirudia neno moja mara hamsini. Wengine huliandika kwa rangi ya karatasi ili lisionekane na msomaji. Wengine hununua viungo. Hila hizi zimezeeka. Mwaka 2009 Google ilieleza kwamba haiyatumii hata kidogo maneno muhimu yanayofichwa katika msimbo wa ukurasa ili kupanga majibu. Mwaka 2011 ilileta mabadiliko yaliyojulikana kwa jina la Panda, yaliyoshusha kurasa zisizo na maudhui ya maana, na mwaka 2012 yale ya Penguin, yaliyolenga viungo vya hila.

Hata kama hila ingefaulu, ingeleta nini? Mtu aliyefika kwa kudanganywa huondoka. Dalali anayeandika “mchele wa Kyela” juu ya mchele wa kwingine anaweza kupanda daraja kwa muda, lakini hawezi kuandika anayoyajua mkulima: mpunga ulivunwa lini, ulianikwa vipi, ulikobolewa wapi, mvua za mwaka huu zilikuwaje bondeni. Habari hizo ndizo zinazowafanya wengine wautaje ukurasa na kuuwekea viungo kwa hiari yao, na ndizo zisizonakilika kwa urahisi. Kwa mkulima wa Ikolo, kuandika kweli kwa undani ndiyo silaha aliyo nayo dhidi ya wenye fedha zaidi.

Kuyasikiliza maneno ya watu

Mtunga kamusi hukusanya mifano kabla ya kuandika fasili. Mwenye ukurasa naye ana mahali pa kukusanyia. Akianza kuandika neno katika kisanduku cha injini, atapendekezewa maneno ambayo watu huyatafuta. Huduma ya bure ya Google iitwayo Search Console humwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani yaliyowaleta wageni kwake, na mara ngapi ukurasa wake ulionekana pasipo kufunguliwa. Iwapo orodha hiyo inaonyesha “kokoa” mara nyingi kuliko “kakao”, jibu limepatikana bila ubishi. Na zaidi ya vyombo hivyo, kuna simu za wateja: maneno wanayoyatumia wanapouliza bei ndiyo watakayoyaandika usiku wakiwa peke yao na simu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo iliwafaa watu waliokutana gulioni, ambapo mchele ulimiminwa mbele ya mnunuzi akaunusa. Injini ya utafutaji haina pua. Inachokijua kuhusu mchele wa Ikolo ni yale tu yaliyoandikwa, kwa maneno yale yale ambayo mnunuzi ameyaandika.